Tumbo Moja, Damu Mbili

Mara ya kwanza dokta aliponiambia kwamba damu yangu si ya kawaida, nilimgombeza. Nilidhani anafunika makosa ya maabara yake. Walikuwa wamenitoa damu, wakaniita tena wakanitoa nyingine, na safari ya tatu alipofungua sindano mpya nilimuuliza kama wanaichota kwenda kuiuza sokoni.

"Mama, tulia kidogo," alisema. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, mdogo kwangu kwa umri, wala hakuwa mtu wa kutishika. "Tulizani tulichanganya bichupa. Tunapenda kuhakikisha."

"Na mulichanganya?"

"Hapana. Njo kile kinatushangaza."

Nilikuwa nimetoka eda si muda mrefu. Mume wangu, dereva wa lori, alikufa baada ya kuugua karibu mwaka mzima, na ugonjwa wake ulitajwa nyumbani kwa majina yote isipokuwa jina lake. Mara kifua, mara ini, mara watu wa kazini waliomwonea wivu. Mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha, kwa hiyo nilijua. Eda ilipokwisha nilikwenda kupima, na jibu likawa lile nililolitarajia: virusi vya ukimwi vimo. Sikulia. Machozi nilikuwa nimeyamaliza kwa mume wangu. Nilirudi mtaani kwetu Hewa Bora, kwenye chumba changu cha mbele kinachotazama barabara, nikakaa kwenye cherehani, kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare hazijishoni zenyewe.

Kilichowashangaza ni hiki. Kipimo cha kwanza kilivitambua virusi, lakini kile cha kuvihesabu hakikuona kitu cha kuhesabu. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe ambazo ugonjwa huu huzila polepole, walikuwa wengi kama wa mtu mzima asiye na neno. Na mimi sikuwa nimemeza hata kidonge kimoja. Dokta aliniuliza zaidi ya mara moja kama ninamficha, kama kuna kituo kingine kinachonipa dawa. Nikamwapia kwa Mungu. Ndipo akaniambia kwamba wako watu wa namna hiyo, wachache sana, ambao mwili wao unavikamata virusi wenyewe na kuvizuia visizaane. Akaniambia pia kwamba huko si kupona.

"Biko ndani," alisema. "Bimefungwa tu. Uko na gardien muzuri, lakini mwizi iko mu nyumba."

Maneno ya mwizi niliyasikia kwa sikio moja. Ya mlinzi niliyasikia kwa yote mawili. Nilitoka pale nimenyanyua kichwa, na watu waliokaa kwenye benchi lazima walidhani nimeambiwa sina kitu. Katika maisha yangu sikuwahi kuwa wa kwanza kwa chochote. Darasani nilikuwa wa katikati, katika ushonaji wako mafundi wanaonizidi, na uzuri wa sura alipewa mdogo wangu. Sasa mwili wangu ulikuwa unafanya kazi iliyomshinda mume wangu mwenye mabega kama mlango. Nilimhurumia, na papo hapo nilijivuna. Vyote viwili vilikaa moyoni bila kugombana.

Mama yangu hakuhitaji maelezo ya dokta. Sisi ni watu wa Maniema kwa asili, Waislamu, baba yetu alikuja hapa Lubumbashi na sindano zake akashona kofia na kanzu mpaka macho yakamgomea. Nilipokuwa eda, mama alimwomba mwalimu wa madrasa aniandikie kombe. Mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yale yanaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, na mgonjwa anakunywa. Sahani yenyewe ilikuwa ya harusi ya mama, ya kaure, yenye mstari wa buluu ukingoni na pengo dogo mahali ilipogongwa. Haikupakuliwa chakula hata siku moja. Nilikunywa kila Ijumaa mpaka eda ikaisha, na damu yangu ilipopimwa ikaonekana ya ajabu. Kwa mama, hesabu ilikuwa imekamilika.

"Uliingia mu eda na bugonjwa," aliniambia, "ukatoka na damu ya shaba."

Katika mji huu hakuna sifa inayopita hiyo. Shaba ndiyo iliyotuleta sote hapa, hata sisi ambao hatujawahi kushika jiwe lake. Neno likashika. Wajomba wakalisema, shangazi akalisema, na watu wa ndani waliojua habari yangu wakanitazama kwa heshima ambayo mjane hapewi bure. Sikumkatalia mama. Kombe ni dua, na dua mimi siikatai. Nilimwacha aamini sahani, dokta aamini vipimo vyake, nami nikakaa katikati nikila sifa za pande zote mbili.

Miaka ilipita. Nilikwenda kupimwa kila nilipoitwa na jibu lilikuwa lilelile, na kila mara dokta alishangaa upya kidogo, jambo nililolipenda kuliko nilivyoonyesha. Siku moja nilimwomba anieleze vizuri mwili wangu unafanyaje. Alieleza kwa Kifaransa kwanza, nikamwambia ashuke. Akashuka. Nilipofika nyumbani nilimweleza mama kwa lugha ya kazi yangu, na mpaka leo sijapata namna iliyo bora zaidi.

Virusi hivi, nilimwambia, ni kama mtu anayebadili nguo kila anapotafutwa. Askari wa mwili wanajifunza kumjua kwa shati jekundu, yeye anavaa la kijani, wanabaki wanahangaika. Lakini katika kila vazi kuna mshono ambao huwezi kuufumua bila vazi zima kuanguka chini. Ukitaka kubadili kola, badili. Ukitaka kukata mikono, kata. Mshono wa bega ukiufumua, huna tena shati. Miili ya watu wengi inavikamata virusi kwenye kola, navyo vinabadili kola vinaponyoka. Mwili wangu, kwa bahati, unavikamata begani. Vikijaribu kuponyoka vinajiharibu vyenyewe. Dokta alisema hiyo ni sababu moja tu, na kwamba wako wenye damu kama yangu ambao wataalamu bado hawajajua siri yao ni ipi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Na ni nani aliwaonesha mu bega?" aliuliza. "Si Mungu? Njo ile kombe."

Baadaye utaratibu ulibadilika. Zamani mwenye askari wengi aliambiwa asubiri, dawa hatapewa mpaka wapungue. Sasa kila mwenye virusi anapewa dawa tangu siku ya kwanza. Dokta akaniambia nianze na mimi. Nikamuuliza kidonge cha nini wakati damu yangu inafanya kazi bure. Akanieleza kwamba askari wanaokesha miaka yote bila kupumzika wanauchosha mwili, moyo na mishipa, na kwamba damu kama yangu mara nyingine hushindwa ghafla ikiwa imezeeka. Nikamwambia nitafikiri. Kila nilipokwenda aliniomba, na kila aliponiomba nilikuwa bado nafikiri. Nilitaka kubaki mtu wa ajabu, basi.

Sasa niseme habari za mdogo wangu. Ni kitinda mimba, nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea uzito wake, na alikuwa na mdomo wa mzaha ambao ungeweza kumchekesha maiti. Aliolewa na mfanyabiashara wa samaki, wakajenga mtaa wa Ruashi, nyumba ya tofali za kuchoma iliyokuwa inaongezwa chumba kila walipopata saruji. Alijua hali yake alipokuwa na mimba ya kwanza, kliniki walipompima. Mumewe naye akakutwa vivyo hivyo. Walianza dawa wote wawili, na mtoto akazaliwa hana kitu. Kwa vipimo vya kituo, ile ilikuwa familia ya kupigiwa mfano.

Lakini mdogo wangu alizichukia zile dawa. Hakuchukia ladha wala ndoto zake. Alichukia sauti. Vidonge vinakaa kwenye chupa ya plastiki, na mtu akitembea navyo kwenye mkoba vinacheza chaka-chaka-chaka, na Ruashi kila mwanamke anaijua sauti ile. Alisema anapotoka kituoni anajisikia kama kondoo aliyefungwa kengele. Nilimpa vipande vya pamba kutoka kwenye kapu langu la mabaki ya vitambaa, akajaza kwenye chupa, sauti ikafa. Tulicheka sana siku ile. Nilipocheka sikufikiri kwamba mimi sina chupa ya kunyamazisha.

Siku za Idi alikuja kuniazima sahani ya mama, iliyobaki kwangu tangu eda.

"Yaya, unipe ile sahani, niko na bageni ba heshima," alisema. Yaya, kwetu, ni dada mkubwa.

Nilishangaa, maana hatuilii, lakini nilidhani anataka kuiweka mezani iwe pambo tu, apate kuringa. Nikampa. Idi ikapita, mvua zikaanza, sahani haikurudi, na mimi kwa kazi nyingi nikasahau. Mumewe alikuwa amekwenda Kilwa, ile yetu ya ziwani, kununua samaki, na barabara ile mvua zikishaanza haina adabu. Lori lao lilikwama, likatoka, likakwama tena, na yeye akabaki huko ziwani akisubiri njia ikauke. Kwa hiyo katika nyumba ile ya Ruashi hapakuwa na mtu mzima mwingine wa kuona.

Nilikwenda alasiri moja kumpelekea mtoto gauni. Mdogo wangu alinifungulia mlango, na kabla hajasema karibu nilikuwa nimeshaona. Jicho la fundi halihitaji futi. Blauzi aliyovaa niliishona mimi kwa Idi, ikamkaa kama ngozi, na sasa mabega ya nguo yalikuwa yamemshuka mpaka kwenye mikono. Kitenge alikuwa amekizungusha kiunoni mara mbili. Alikohoa akigeuzia uso ukutani.

Ndani, juu ya kigoda pembeni ya kitanda, ilikuwapo sahani ya mama. Ilikuwa na rangi ya njano mpaka ukingoni.

"Dawa iko wapi?" niliuliza.

Hakujifanya hajui. Alinionyesha kwa kidevu kile chumba ambacho hakijamalizika. Nyuma ya mifuko ya saruji nilizikuta chupa zimepangwa, zimejaa, zote na pamba yangu mdomoni.

"Uliacha tangu lini?"

"Tangu Idi."

"Juu ya nini?"

Alikaa kitandani taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia woga.

"Yaya, na weye unakunywaka nini?" alisema. "Haunywake kintu. Unakulaka bukari yako, unashona, unanenepa. Dokta anakushangaa, bajomba banakusifu. Miye naweye tulitoka mu tumbo moja, tulinyonya ziwa moja. Kama damu ya baba na mama ilikupatia ile nguvu, miye banipatie ya nani?"

"Haiko vile."

"Iko namna gani? Mama anasema ni sahani. Dokta anasema ni damu. Nikasema, bon, nijaribu. Kama ni sahani, niko nayo. Kama ni damu, niko nayo pia. Nitakosea wapi?"

Hesabu yake ilikuwa imekaa sawa kila upande, na mimi mtu akinishinda kwa maneno ninageuka mkali. Nilimuuliza mtoto wake anamwachia nani amlee, nikamwita mjinga, kisha nikamwambia lile ambalo hapakuwa na haja ya kulisema mbele ya mtu anayekohoa: "Sikio la kufa halisikii dawa."

"Mwenye kushiba hamujue mwenye njaa, yaya," alisema.

Nilitoka mpaka barabarani. Malori ya mgodi yalikuwa yanapita yakirusha matope, na mimi nilisimama pale na gauni la mtoto bado mkononi, nimesahau kumpa. Niliogopa. Kikohozi kile nilikuwa nimekisikia kabla, kitandani kwangu, na nilijua kinaishia wapi. Nilirudi ndani, nikapika uji, nikalala kwake siku zile zote.

Nilimpeleka kwa dokta. Virusi vyake vilikuwa vimezaana, askari wamebaki wachache, na mapafu yalikuwa na kitu kilichohitaji kutibiwa mara moja. Dokta hakumgombeza. Nilimwomba amweleze ile habari ya tumbo moja, na akaieleza vizuri kuliko mimi. Baba ana mafungu mawili ya kugawa, mama ana mawili, na kila mtoto anapewa fungu moja la huku na moja la kule. Aliyetangulia hachukui mafungu yote, wala anayefuata hapewi yaleyale kwa lazima. Ndugu wa damu wanaweza kufanana pua na wasifanane askari. Ni kama baba kuwa na vitambaa viwili na mama viwili. Binti mmoja akashonewa nguo ya buluu na njano, mwingine ya nyekundu na nyeupe, na wote wakaitwa watoto wa nyumba moja.

"Nimesikia, dokta," alisema mdogo wangu kwa adabu zote. Alimeza dawa ya mapafu, maana kifua kilimuuma. Ile nyingine aliiweka shavuni, na tulipofika nyumbani nilimwona akiitema kwenye maua.

Mama alikuwa amehamia Ruashi kutuangalia. Nilimwomba anisaidie, akanijibu tumwache binti amalize kombe kwanza, dawa za kizungu hazikimbii. Hapo nilishindwa kuvumilia nikaenda kwa mwalimu mwenyewe. Mzee yule alikuwa rafiki wa marehemu baba. Nilimkuta madrasa, watoto wametoka, anakunja mikeka. Nilipomweleza alikaa chini.

"Alinambia ni homa," alisema. "Alinambia bwana yake iko mu safari, anaomba dua ya safari na ya homa. Sikujua." Aliingiza mkono kwenye kanzu akatoa kikaratasi cha vidonge vya presha, nusu vimekwisha. "Miye mwenyewe niko na tension. Ninasomaka dua asubui, kisha ninakunywa hii. Mungu njo aliumba na munganga."

Alikuja nami Ruashi siku ileile kwa pikipiki, kanzu imekunjwa magotini, akamwambia mama maneno hayohayo. Mama alilia. Alilia kwa aibu na kwa hofu, akamshika binti yake miguu akimwomba ameze. Nilidhani tumefika.

Mdogo wangu alisubiri mpaka mzee akaondoka. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana: "Mwalimu iko na haki. Dokta iko na haki. Mama sasa naye iko na haki. Lakini bote banasema tu. Na weye unaikala pale, haunywe kintu, na uko muzima. Miye ninaamini macho yangu."

Nilirudi Hewa Bora kumalizia kazi za watu. Nilikuwa nafumua pindo la sketi niliyoikosea nilipoelewa kwamba kila tulichomwambia, mimi nilikuwa nakikanusha kwa kupumua tu. Afya yangu ndiyo iliyokuwa inamhubiria. Hakuna dokta wala mwalimu ambaye angeweza kushindana na mashavu yangu.

Na nilijua ni nini nitapoteza. Hilo lilinikera zaidi ya kidonge chenyewe. Siku nikianza dawa, hakuna mtu atakayeweza kusema tena ni nini kinachovifunga virusi vyangu. Vipimo vitatoka safi kama vya kila anayemeza. Damu ya shaba itakuwa hadithi ya mama. Nilimwonea mdogo wangu hasira ya kweli, nikamwita majina peke yangu mbele ya cherehani. Damu nzito kuliko maji, watu husema, na hawasemi kwamba ukiibeba inaumiza mgongo. Niliweka sketi chini nikafunga duka.

"Nipe ile dawa," nilimwambia dokta.

Alinitazama. "Miaka yote nilikuomba."

"Siyo kwa ajili yangu."

"Ya nani haiko kazi yangu," alisema akifungua kabati. "Kunywa tu."

Nilifika Ruashi jua likiwa bado liko juu. Mama alikuwa ameinjika chungu kwenye babula la makaa, bukari, ugali wetu, ilikuwa tayari, na mboga ya lengalenga na samaki. Niliichukua ile sahani, nikaiosha kwa sabuni mpaka njano ikatoka yote. Mama aliniangalia. Nikaweka juu yake kidonge kutoka kwenye chupa yangu mpya na kingine kutoka kwenye chupa ya mdogo wangu, nikaiweka mkekani katikati yetu.

Vilikuwa vinafanana kabisa. Ni dawa moja.

"Chagua," nilimwambia.

Alivisogeza kwa kidole. "Yako ni gani?"

"Yoyote."

"Yaya." Sauti yake ilibadilika. "Na damu ya shaba?"

"Shaba nayo inashikaka kutu."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, mama akampigapiga mgongo. Kilipotulia aliniambia nianze mimi. Nikachukua kimoja, nikameza kwa maji. Hakuridhika. Alinishika kidevu akaniambia nifungue mdomo, niinue ulimi, nionyeshe shavu la huku na la kule. Yeye ndiye aliyejua mahali pa kuficha kidonge. Alipomaliza kunikagua alichukua kile kilichobaki, akakimeza, na akanifungulia mdomo wake bila kuambiwa.

Hakupona haraka. Mapafu yalichukua muda, uzito ulirudi kwa kinyongo, na nilipunguza blauzi zake zote kisha nikalazimika kuziachia tena. Mumewe aliporudi kutoka Kilwa na samaki wake alimkuta ameketi mlangoni akiwatania wapita njia, na hakujua tumepita wapi mpaka alipoambiwa. Pamba aliitoa mwenyewe kwenye chupa yake, na sahani ilibaki Ruashi. Siku hizi wanapakulia samaki, na mwalimu akija kuwatembelea anapakuliwa humo humo na anakula.

Baada ya miezi mingi dokta alituita pamoja kutupa majibu. Alianza na mdogo wangu: virusi havionekani, askari wanaongezeka. Nilipiga kigelegele mle ofisini mpaka mtu akafungua mlango kuangalia. Kisha akageukia karatasi yangu, akasema vilevile, havionekani. Alisema kama anavyomwambia kila mtu, akaiweka chini, akachukua nyingine. Kwa miaka yote aliposoma jibu langu alikuwa akinyanyua nyusi. Safari hii hakunyanyua, na iliniuma. Inaniuma bado, nikikumbuka.

Mdogo wangu akanipiga kiwiko. "Sasa tuko sawa, yaya."

Hatuko sawa. Mimi ninajua na dokta anajua. Lakini kila jioni, kabla sijafunika cherehani, simu yangu inalia na sauti ya Ruashi inauliza, "Yaya, umekunywa?" Iko siku ninataka kumjibu kwamba damu yangu haihitaji, kwamba ilikuwa inajipigania yenyewe wakati yeye bado anasuka nywele za wanasesere. Badala yake ninachukua chupa yangu, isiyo na pamba, ninaitikisa karibu na simu ili asikie. Kisha ninangoja, simu sikioni, mpaka nami nisikie ya kwake.